Anayeficha chuma ndani ya kinywaji cha watoto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Ceferina Ccahuana anaziba masikio yake, anafunga mlango wa maabara na kuwasha mashine ya mawimbi ya sauti. Ncha ya chuma, nene kama kidole gumba, imezama ndani ya bilauri ya kioo yenye maji meupe mazito kama uji. Mashine inatoa mlio mwembamba, mkali, unaouma hadi kwenye meno. Nje, mbwa wa mlinzi anainuka langoni na kwenda zake, kama afanyavyo kila siku muda huu.

Ceferina habanduki. Anaikodolea macho bilauri iliyokaa kwenye bakuli la barafu, mkono mmoja tayari kwenye swichi. Dakika ya tatu, weupe unaanza kufifia. Dakika ya nane, anazima, anaiinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha. Maji yamekuwa karibu kama ya mtoni, yenye rangi ya samawati kwa mbali.

"Hapo vimeshakuwa vidogo," anasema. "Lakini ni vidogo kiasi gani, jicho langu haliwezi kusema. Ndiyo maana nasubiri Arequipa wajibu."

Anachota matone matano na kuyadondoshea kwenye kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Anasubiri. Chai inabaki nyekundu. Kama ingegeuka nyeusi, ingekuwa na maana kwamba chuma kimetoka kilikofichwa.

Anavyovizungumzia ni vifuko vya mafuta, vidogo kiasi kwamba mia saba vinaweza kujipanga kwenye unene wa unywele mmoja. Wataalamu huviita nanoliposomu. Katika kiwanda cha ushirika wa maziwa wa Qoripampa, mjini Sicuani, kusini mwa Peru, wafanyakazi wanaviita "vitoto". Kila kitoto kinabeba madini ya chuma tumboni mwake. Kinapita nayo kwenye ulimi wa mtoto bila ulimi kujua, hadi kwenye utumbo, ambako mwili unayapokea na kutengenezea damu.

Ceferina, mwenye miaka 46, ndiye fundi pekee wa maabara hiyo. Mshahara wake ni soli 1,600 kwa mwezi. Zamani alikuwa mpishi wa kituo cha kulelea watoto. Alirudi darasani akiwa na miaka 31, akisoma usindikaji wa vyakula katika chuo cha ufundi pamoja na vijana waliomwita shangazi.

"Mwalimu alituonyesha kwamba ukiyapasha moto mafuta ya lesithini ndani ya maji, yale mafuta ya alizeti yenye rangi ya asali, yanajikunja yenyewe na kuwa vifuko. Hakuna anayeyashona," anasimulia. "Chochote kilichokuwa karibu kinafungiwa humo. Wenzangu waliandika kwenye daftari, wakageuza ukurasa. Mimi niliinua mkono nikauliza, je, chuma pia?"

Swali hilo lilimfikisha hapa. Miaka miwili sasa, kiwanda kinatengeneza kinywaji cha maziwa na kinoa, nafaka ya milimani, chenye chuma hicho kilichofichwa, kwenye chupa ndogo za plastiki, kwa ajili ya watoto mia sita wenye upungufu wa damu, au walio karibu kuupata, katika vituo kumi na vinne upande wa pili wa mlima La Raya.

Leo hii, hata hivyo, hakuna chupa ya watoto iliyokwenda huko kwa wiki tisa. Majibu ya vitoto vya aina mpya yanatarajiwa kabla ya mchana kutoka chuo kikuu kimoja cha Arequipa. Yakiwa mazuri, chupa zitavuka tena. Yakiwa mabaya, Ceferina hajui.

"Injinia, msimamizi wangu, ameniambia nisiwaze hilo," anasema huku akipangusa meza ambayo tayari ni safi. "Ni rahisi kwake. Si yeye aliyeandika ile karatasi."

Karatasi anayoisema ni lebo. Ilibandikwa kwenye kila kasha, na maneno yake aliyaandika yeye mwenyewe: *Hifadhi kwenye baridi*.

Ilikuwa Juni, mwezi wa jalidi, usiku hata umande huganda. Chupa 3,600, za kutosha vituo vyote kwa wiki nzima, ziliondoka Alhamisi kwenye lori la mzee Epifanio Turpo. Alipofika kileleni alikuta barabara imefungwa kwa mawe na magogo na watu waliogoma. Alikaa huko siku mbili. Jumamosi mchana njia ilifunguliwa, akashuka, akagawa makasha yote vituoni na kurudi nyumbani akiwa amechoka. Watoto walikuwa wakipewa kinywaji Jumatatu hadi Jumamosi, saa nne asubuhi.

Jumatatu hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ceferina alikuwa sokoni akinywa supu ya kichwa cha kondoo kabla ya kwenda kazini. Mzee Epifanio alikaa benchi la mbele, akiwachekesha watu kwa habari za mgomo.

"Mimi nilitetemeka mpaka meno yakapiga ngoma," alisema. "Lakini chupa za huyu mwanangu hapa, zililala fofofo. Nilizifunulia turubai zipate hewa. Asubuhi ukigonganisha mbili zinalia kama mawe."

Ceferina aliweka kijiko chini.

"Ulifunua turubai, mzee?"

"Si mmeandika ziwekwe kwenye baridi? Nikasema, baridi ipi tena kuishinda hii." Mzee alicheka, kisha akaona uso wake. "Kwani nimekosea? Jua lilipotoka ziliyeyuka zote, zikawa nzuri tu. Nimezitazama mwenyewe."

Ceferina aliinuka. Aliacha supu na kukimbia.

"Nilichokuwa nawaza njiani ni kwamba hajakosea," Ceferina anakumbuka. "Alifanya nilichomwambia. Mimi ndiye niliyesahau neno moja. *Zisigande.* Nililijua, nilifundishwa, sikuliandika kwa sababu ndani ya jokofu letu hapa hakuna kinachoganda."

Kila kundi linalotoka, kiwanda hubaki na chupa ishirini za akiba. Alichukua moja, akamimina kidogo kwenye mrija mwembamba wa kioo na kuuzamisha kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi. Katika dakika ishirini uliganda. Aliuyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, akachuja, akadondoshea kwenye chai.

Chai iligeuka nyeusi kama wino.

Alirudia mara mbili zaidi, akitumaini mkono wake umekosea. Saa mbili kasorobo alikuwa na vikombe vitatu vyeusi mezani. Saa mbili kamili aliingia msimamizi wa uzalishaji, injinia Rolando Achahui, mwenye miaka 34, akiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani.

Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale, na wanakubaliana karibu kwa kila neno.

"Mama Cefe, hiyo ni chai. Chai si kipimo," alisema injinia.

"Basi onja kinywaji chenyewe." Alimsogezea kilichobaki kwenye mrija.

Injinia aliionja, akakunja uso, akatema kwenye sinki. "Msumari."

"Kuna watoto mia sita watakunywa msumari saa nne."

"Hautawaua."

"Hautawaua. Watatapika. Kesho mama zao watamwaga chupa zote, na mwakani pia, na mwaka wa baada ya hapo."

Injinia alivua kofia. Wafadhili wa mradi walikuwa wanakuja kukagua Alhamisi ya wiki hiyo. "Nipe muda nipige simu ofisi yao ya Lima," alisema. "Nipate ruhusa ya kusimamisha."

"Lima wanafungua ofisi saa tatu, wanakunywa kahawa, saa nne wanapokea simu."

"Ukipiga wewe sasa hivi, unapiga kwa jina lako. Si la kiwanda. Unanielewa?"

"Nakuelewa, injinia."

Rolando hajifichi anapoulizwa kuhusu asubuhi hiyo. "Niliogopa," aliliambia gazeti hili. "Nilikuwa nimeajiri watu wanane kwa mradi ule. Nilitaka mtu mwingine, aliye mbali, aseme simamisha. Yeye hakumngoja mtu."

Ceferina alipiga simu kwa vituo kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, akisema jina lake na maneno yaleyale: msiwape, ni kosa langu, nitakuja kueleza. Kumi na kimoja walipokea. Viwili walimpigia wenyewe saa tatu na nusu. Kilibaki kimoja, Kunturqocha, kijiji kilicho juu sana ambako simu hushika mtandao ukisimama kwenye mwamba mmoja tu nyuma ya shule.

Alimkuta mzee Epifanio kiwandani, kofia mkononi, amekuja kuomba radhi.

"Radhi baadaye," alimwambia. "Washa gari."

Walifika saa nne na dakika ishirini. Aliyasikia maji ya ndoo yakimwagwa kabla hajaona mtu. Watoto wote arobaini na mmoja walikuwa wamepewa. Kumi na tisa walikuwa wametapika au kutema, wengine walikuwa wakilia tu kwa sababu wenzao wanalia. Mwenyekiti wa kamati ya akina mama, Agripina Choquemamani, alikuwa amepiga magoti akimpangusa mtoto wake kifua.

Hakuinuka kumsalimia mgeni.

"Mlituambia hakina ladha ya chuma," alisema. "Mwanangu ametema kama amelamba jembe. Ni nini mnatupa, mama? Mabaki yenu?"

"Nilitaka kumweleza habari za barafu na vifuko," anasema Ceferina. "Badala yake nikapiga magoti. Nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa sakafu."

Muuguzi alipanda kutoka mji wa Santa Rosa na kuwapima watoto wote. Hadi jioni walikuwa wakicheza. Hakuna aliyelazwa. Lakini kinywaji kilisimamishwa, wakaguzi walikuja Alhamisi na kuondoka na mafaili, na Ceferina alipewa barua ya onyo pamoja na kusimamishwa kazi siku kumi bila malipo. Barua hiyo anaiweka kwenye droo ya maabara. Haionei aibu, anasema, ila hapendi kuisoma.

Chuo cha Arequipa kilithibitisha kilichosemwa na chai. Vitoto vilivyotoka kiwandani vikiwa na upana wa wastani wa nanomita 118, nanomita ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita, vilikuwa vimepasuka na kuungana ovyo hadi kufikia 640. Zaidi ya nusu ya chuma kilikuwa nje.

Siku ya sita ya adhabu yake, Ceferina alipanda tena Kunturqocha, safari hii kwa nauli yake. Alikuwa ameahidi kueleza.

Wanawake ishirini na wawili walikaa nje ya kituo wakisokota sufu ya alpaka, mnyama wa milimani wa jamii ya ngamia. Pembeni yao, viazi vilikuwa vimetandazwa kwenye majani makavu, vikipigwa na jalidi kwa ajili ya kukaushwa. Agripina alimwonyesha mahali pa kukaa, akaanza yeye.

"Huyu amekuja kusema kosa ni lake. Ni mtu wa kwanza kutoka mjini kupanda huku kwa habari hiyo." Akamgeukia. "Unaumwa, mama?"

Wengine walicheka. Ceferina anasema kicheko kile kilimfungua kifua. Aliokota kiazi kimoja kilichoganda na kulainika kwa jua, akakiminya. Maji yalitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mnajua kwa nini kinatoa maji hivi, na cha shambani hakitoi," aliwaambia. "Barafu inakichana ndani. Na vifuko vyangu vilichanwa hivyohivyo kule La Raya. Nyinyi mngejua bila kusoma. Mimi nimesoma, nikasahau kuandika."

Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini wasipewe tu dawa ya maji ya kituo cha afya, ile ya matone, ambayo haina mambo ya vifuko. Mwingine akamjibu kwamba mwanawe huifunga midomo akiiona chupa yake tu. Ndipo Agripina akauliza swali ambalo Ceferina hakulitarajia.

"Na wewe una mtoto? Yeye ulimpa nini?"

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu, si mama yake, si padri, si mumewe hadi alipofariki. Siku hiyo aliwaambia wanawake ishirini na wawili asiowajua. Binti yake Yudith alipokuwa na miaka miwili, muuguzi alimpa matone ya chuma. Mtoto alitapika kila siku, meno yakawa meusi, akawa anajificha chini ya kitanda akisikia kijiko. Ceferina alivumilia wiki tatu. Kisha kwa miezi mitano akawa anamwaga dawa kwenye mtaro nyuma ya nyumba, na kila mwezi akimwambia muuguzi kwamba mtoto anakunywa vizuri.

"Alirudia darasa la kwanza mara mbili," aliwaambia. "Watu wakamwita mzito. Hakuna daktari aliyeniambia ni kwa sababu ya damu, labda siyo. Lakini dawa niliimwaga mimi."

Mizunguko ya sufu ilisimama. Kisha Agripina akasema, bila kuinua macho, "Ya kwangu nilimpa mbwa."

"Ndiyo maana mbwa wako ana nguvu za kuiba nyama yangu," akadakia jirani yake.

Walicheka hadi wengine wakafuta machozi, na si wote walikuwa wakifuta machozi ya kicheko. Walipotulia, Agripina alitoa masharti. Kikipatikana kinywaji kipya, chupa tisa zitakaa juu ya paa la kituo siku tatu mfululizo, zigande na kuyeyuka zinavyotaka. Baadaye watakunywa wao kwanza. Wakikunja uso, habari imeisha.

Ceferina alirudi kazini Julai akiwa na jambo moja kichwani: barafu haikwepeki huko juu, basi vitoto vijifunze kuishi nayo. Yeye na injinia walijaribu michanganyiko minne. Yote iligeuza chai kuwa nyeusi. Katika wa tano walitia sukari kidogo, ndani ya vifuko na nje yake, ili ikae kati ya ngozi ya kifuko na barafu. Chai ilibaki nyekundu. Hawakushangilia.

"Nilimwambia injinia, chai si kipimo," anasema Ceferina, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Sampuli zilikwenda Arequipa, chupa tisa zikaenda Kunturqocha. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita.

Saa tano na nusu, simu ya injinia inalia: ujumbe kutoka Arequipa. Anasimama mlangoni mwa maabara, akisoma kutoka kwenye kioo cha simu. Ceferina amegeuka kuelekea dirishani na kushika ukingo wa meza.

"Kabla ya kugandishwa, mia moja kumi na tisa," anasoma. "Baada ya kugandishwa mara tatu, mia moja thelathini na moja."

"Rudia."

"Mia moja thelathini na moja, mama Cefe. Chuma kilichobaki ndani, asilimia tisini na moja."

Ceferina anakaa juu ya kreti la chupa tupu. Injinia anamwekea mkono begani, kisha anauondoa, kama aliyekumbuka kwamba hawajawahi kufanyiana hivyo.

"Bado Kunturqocha," anasema Ceferina.

Kunturqocha wanapiga saa saba, kutoka kwenye ule mwamba wa nyuma ya shule. Upepo unavuma kwenye simu na Agripina anapaza sauti.

"Tumekunywa wanawake tisa. Hakuna msumari. Ladha ya kinoa tu, na sukari mmebana."

"Kwa hiyo tulete?"

"Lete sitini Jumatano. Usiniletee mia tatu. Na uje nazo wewe, ukae hapa mpaka watoto wamalize, nikuone."

"Nitakaa."

"Na huyo mzee wa lori mwambie afunike."

Mengi bado hayajatulia. Vituo viwili vimekataa kabisa kurudi kwenye mradi. Fedha za wafadhili zinaishia Desemba na hakuna aliyeahidi zaidi. Hata asilimia tisini na moja inamsumbua Ceferina. Anauliza tisa zimekwenda wapi, anajibu mwenyewe, anauliza tena. Lebo mpya imesomwa na watu sita kabla ya kuchapwa, akiwemo mzee Epifanio, aliyetaka neno *zisigande* liandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina la kinywaji. Likaandikwa hivyo.

Mpango wake wa Jumatano anao tayari: sitini mkononi, blanketi mbili, na kikombe chake mwenyewe. Akifanikiwa na hizo sitini, ataomba mia na ishirini. Anataka kabla ya mvua za mwaka huu watoto wote arobaini na mmoja wa Kunturqocha wapimwe damu tena.

Lakini kabla ya Jumatano kuna Jumapili. Yudith, sasa ana miaka 19, anafuma masweta ya alpaka huko Arequipa, na Jumapili anakuja nyumbani. Wanawake wa Kunturqocha wanajua kilichomwagwa mtaroni. Yeye hajui.

Ceferina alilikubalia gazeti hili kuandika kila kitu, ila kwa ombi moja: makala yasitoke kabla ya siku hiyo kupita.

"Akisoma hapa kabla sijamwambia, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili," alisema. Amepanga kumkaangia samaki. "Nitamwacha ashibe kwanza. Halafu nitazima redio."